Darasa la jioni la Historia na Serikali pale Kondele: miezi minne yangu, na ile pesa ya taa

Kuna watu wameniuliza kama lile darasa la jioni la watahiniwa wa kibinafsi hapa Kondele, Kisumu, ni la ukweli ama ni kula pesa ya watu, nikasema wacha niandike mara moja. Nimekaa hapo miezi minne na nimelipa kila mwezi bila kukosa. Jina la mahali sitaji kwa sababu kuna jambo la pesa ambalo halijaisha na sitaki kuharibia mtu kazi kabla halijaisha.

Kwanza vile mahali pako. Ni gorofa ya kwanza, chini kuna duka la dawa na mama wa chapati, ngazi ni za chuma na upande mmoja hazina pa kushika, ukija na mtoto mshike mkono. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku. 1,200 kwa mwezi kwa somo moja. Viti havitoshi, tuko watu 27 na madawati ni ya watu 20 hivi, ukichelewa unasimama ama unakalia ndoo. Stima ikipotea, na hupotea, mnamaliza kwa tochi za simu. Noti za fotokopi zingine zimefifia mpaka unabahatisha herufi. Hayo ndio mabaya ya kawaida na nimeshayazoea.

Sasa mwalimu. Huyo ndiye anafanya nilipe 1,200 na nipande ile ngazi usiku baada ya kufunga duka.

Mimi niliacha shule kidato cha tatu, sasa niko na duka la mpesa Manyatta na watoto wawili, na nimejisajili KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari. Kwa Historia na Serikali kitu kilikuwa kinanitisha ni pepa ya pili, ile sehemu ya serikali za nchi zingine, Uingereza, Marekani, India. Nilikuwa nasoma mwenyewe usiku na Uingereza inanishinda kabisa. Kitabu kinakwambia mfalme ndiye mkuu wa nchi, ndiye anateua waziri mkuu, ndiye anafungua bunge, ndiye anatia sahihi sheria zote, alafu ukifungua ukurasa unaofuata kinakwambia hatawali. Sasa ushike gani? Nilikuwa nakariri tu kama shairi.

Mwalimu siku hiyo hakuanza na noti. Alichukua kile kiti kimoja chenye mgongo akakiweka mbele, akamwita mama mmoja wa omena anayetoka Dunga, ndiye mkubwa wetu kwa umri, akamwambia mama njoo ukae hapa, wewe leo ni malkia. Mama akajifunga leso yake mabegani akakaa. Alafu madawati yakageuzwa yaangaliane, huku serikali, huku upinzani, kijana mmoja wa boda akafanywa waziri mkuu. Mwalimu akaandika kwa karatasi: serikali imeamua kufunga soko la Kibuye wiki mbili. Akampa waziri mkuu, waziri mkuu akampelekea malkia aweke sahihi.

Mama akasoma polepole, akarudisha karatasi. "Mimi siweki sahihi hapa. Niuze omena wapi wiki mbili?"

Darasa lote kelele, na mwalimu akangoja tunyamaze. Akamwambia, "Mama, mkiwa ndani ya chumba nyinyi wawili, una haki ya kumuuliza, una haki ya kumuonya, unaweza kumwambia hili jambo litakuletea shida. Kila wiki anakuja kukuona na unaweza kumwambia hivyo. Lakini baraza lake likisema ndio tumeamua, unatia sahihi."

"Na watu wa soko wakija na hasira?"

"Hawaji kwako mama. Wanamwendea huyu."

Mama akaweka sahihi, na kabla kalamu itoke kwa karatasi dawati la upinzani lote lilikuwa limesimama linamuuliza yule kijana wa boda: ni nani alikwambia ufunge, umehesabu hasara, wachuuzi wale nini, utafidia na pesa ya nani. Kijana jasho lilimtoka kabisa. Nikaelewa pale pale. Sahihi iko kwa mmoja na lawama iko kwa mwingine, na huyo wa lawama ndiye mwenye mamlaka yenyewe, na lazima akae mahali watu wanaweza kumfikia. Mwaka mzima nilikuwa natafuta hiyo sentensi kwa kitabu.

Kuna neno moja pia alilifungua vizuri sana, neno ushauri. Vitabu vinasema mfalme anatenda kwa ushauri wa mawaziri. Mimi nilikuwa najua ushauri ni kama wa shangazi, anakushauri usiolewe na huyo mtu na wewe unaolewa. Huko sio hivyo. Ushauri wa waziri mkuu kwa mfalme mfalme anaufuata, na kwa sababu lazima aufuate ndio waziri anabeba mzigo wake. Mara ya mwisho mwenye taji kukataa kutia sahihi mswada uliopitishwa na bunge ilikuwa 1708, Malkia Anne. Zaidi ya miaka mia tatu hakuna tena amejaribu.

Historia ya nyuma aliipitia haraka lakini kwa mpangilio wa kushikika: 1215 Mfalme John analazimishwa na wakuu wake kukubali ile hati ya Magna Carta, 1649 Charles wa Kwanza anakatwa kichwa baada ya vita na bunge, 1689 inaandikwa kwamba mfalme hawezi kutoza kodi wala kusimamisha sheria bila bunge, 1721 hivi Robert Walpole anashika usukani na wengi wanamhesabu waziri mkuu wa kwanza. Mwalimu alisema tusikariri kama namba za simu, tuangalie tu kitu kimoja, kila mara ni mfalme anatolewa kitu mkononi na kinawekwa kwa watu ambao wanaweza kuulizwa.

Lakini somo ambalo mimi nitamkumbuka nalo mpaka nizeeke ni la 2019. Mwaka huo waziri mkuu alikuwa Boris Johnson, nchi inatoka Umoja wa Ulaya, tarehe ya kutoka ni 31 Oktoba na bunge linamsumbua. Akamshauri Malkia Elizabeth afunge bunge wiki tano. Na malkia akafanya, si tumesema ushauri unafuatwa. Bunge likafungwa Septemba. Watu wakaenda kortini. Mwalimu akatuuliza hapo, sasa wamshtaki nani? Mtu mmoja akasema malkia, mwingine akasema hawezi kushtakiwa, darasa likagawanyika. Jibu ni kwamba korti iliangalia ule ushauri, sio malkia. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakasema wote kwa sauti moja, hakuna hata mmoja aliyepinga, ushauri ulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu ulizuia bunge kufanya kazi yake ya kuisimamia serikali na hakukuwa na sababu ya maana. Na wakasema ile amri iliyopelekwa bungeni ilikuwa sawa na mtu kuingia na karatasi tupu. Mwalimu alikuwa ameshika karatasi nyeupe wakati anasema hivyo, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaiweka juu ya dawati la mbele na hakusema kitu kwa muda. Kesho yake wabunge walirudi kukaa kama hawakuwahi kufungiwa.

Jumatano huwa anakuja na kitu kwa simu. Huko London kila Jumatano saa sita mchana, bunge likiwa linakaa, waziri mkuu anasimama nusu saa nzima anaulizwa, na kiongozi wa upinzani peke yake ana maswali sita. Mwalimu anapakua na bando yake mwenyewe, tunazungushiana simu dawati kwa dawati. Tuliona pia kwamba wabunge wako 650 na ukumbi hauna viti vya wote, wengine wanasimama mlangoni, na sisi wa kwenye ndoo tukasikia ni kama tuko kwetu. Kuna kelele nyingi na majibu mengine ni ya kukwepa, hilo mwalimu hakutuficha. Lakini alisema angalieni miguu yake, lazima asimame. Akiwepo, hakuna kutuma msemaji.

Akatupa na 1979. James Callaghan ni waziri mkuu, upinzani unaleta kura ya kutokuwa na imani, tarehe 28 Machi usiku. 311 dhidi ya 310. Serikali imeanguka kwa kura moja! Na mbunge mmoja wa chama chake alikuwa mgonjwa mahututi, hakuletwa bungeni, angefika ingekuwa sare. Wakaenda uchaguzi Mei na Margaret Thatcher akaingia. Sisi tunaojua hapa kumuondoa rais unahitaji thuluthi mbili ya Bunge la Taifa alafu thuluthi mbili ya Seneti, na lazima kuwe na kosa zito, tulikaa tukiangaliana. Kule Callaghan hakushtakiwa kosa lolote. Imani imeisha, basi.

Nampa sifa pia kwamba hakutupakia rangi. Mtu mmoja alisema basi turudishe waziri mkuu na mambo yatanyooka, mwalimu akamwambia ngoja. Chama kikiwa na wabunge wengi kupita kiasi, kiranja wa wengi anawahesabu kama watoto wa shule, wanapiga kura vile wameambiwa, na waziri mkuu wa namna hiyo anaweza kufanya karibu kila kitu mpaka uchaguzi ufike, mfalme yuko pale anatia sahihi tu. Wanaoweza kumtoa hapo katikati mara nyingi ni chama chake mwenyewe. Liz Truss 2022 hakumaliza hata siku 50 na hakuna uchaguzi uliofanywa, ni watu wake walimchoka baada ya ile bajeti iliyotikisa soko la pesa.

Mahali nilikasirika na mwalimu, na nilimwambia usoni, ni Kenya yetu. Mwaka mzima sisi wenyewe tulikuwa ufalme wa kikatiba na alitupa sentensi moja tu! Kutoka 12 Desemba 1963 mpaka 12 Desemba 1964 mkuu wa nchi hii alikuwa Malkia Elizabeth, hapa anawakilishwa na gavana jenerali Malcolm MacDonald, na Jomo Kenyatta alikuwa waziri mkuu, anakaa bungeni na wabunge wengine. Watu wengi wa umri wangu hawajui hilo, wanadhani uhuru na jamhuri ni siku moja. Mimi niliileta senti hamsini ya Afrika Mashariki ya marehemu baba yangu, ina kichwa cha malkia na taji, mwaka umefutika, nikaiweka mezani nikasema mwalimu, hii baba yangu alinunulia sukari na bendera ya Kenya iko juu. Aliishika, akaipitisha kwa watu wote 27, na Ijumaa iliyofuata akarudia somo. Hapo ndio nilimheshimu zaidi.

Na vile alirudia, alirudia vizuri. Akatuonyesha kwamba Desemba 1964 viti viwili viliunganishwa vikawa kimoja, kile cha mwenye heshima ya nchi na kile cha mwenye kazi, vyote kwa rais mmoja. Na mwezi mmoja kabla, KADU, chama cha upinzani, ilikuwa imejivunja wabunge wake wakavuka kwa KANU, chama cha Kenyatta, kwa hivyo hata yale madawati ya upande wa pili yakabaki bila watu. Akarudisha madawati yetu vile yalikuwa siku ya malkia, akawaambia wa upinzani wote wahamie huku. Tukajazana upande mmoja, tunaangalia ukuta. Hakuna mwanafunzi aliuliza swali. Huyu mama wa Dunga alisema kwa sauti ya chini, "Jaramogi alikaa wapi sasa?" Tukaambiwa Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi mkubwa wa huku kwetu, alifanywa makamu wa rais, na 1966 akatoka. Kwa watu wa Kisumu hilo sio somo la mtihani peke yake, kulikuwa na wazee wawili pale walitoa miwani wakapangusa.

Sasa pesa. Mwezi wa pili tuliambiwa tuchange 300 kila mtu, taa ya sola na betri tuache kusoma na tochi. Watu 27, ni 8,100, mimi ndiye nilikusanya kwa mpesa kwa hivyo hesabu naijua. Nikatuma kwa mwenye darasa, sio mwalimu, mwenye darasa ni mtu mwingine ambaye afisi yake iko nyuma ya ngazi. Wiki ya kwanza hakuna taa, ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Ukiuliza unaambiwa fundi anakuja.

Jumatano moja mwalimu alikuwa anafundisha kuwajibika kwa waziri mmoja mmoja. Alikuwa amefika kwa Lord Carrington, waziri wa mambo ya nje, Argentina ilivamia visiwa vya Falkland tarehe 2 Aprili 1982 na siku tatu baadaye akajiuzulu, hakusema ni makarani, hakusema ni majasusi, alisema wizara ni yangu. Mama wa omena akainua mkono. "Mwalimu, na ile 8,100?"

Mwalimu akasema, bila kufikiria, "Mama hiyo iko kwa mwenye darasa, hiyo si yangu." Alafu akanyamaza. Chaki bado iko mkononi. Jina la Carrington liko nyuma yake ubaoni. Hakuna mtu alicheka. Akasema, "Nimekosa. Ni mimi niliwaambia mchange, mbele ya hili darasa. Jumatano ijayo nitakuja na jibu."

Alikuja nalo kweli. Alikuja na mwenye darasa mwenyewe, akamsimamisha pale mbele akasema waulizeni. Yule mzee hakufurahia, lakini alisimama. Tulimuuliza karibu dakika ishirini. Ikatoka kwamba 3,000 alimpa fundi wa sola kama amana na 5,100 alilipia kodi ya nyumba iliyokuwa imechelewa, kwa sababu landilodi alikuwa anataka kufunga mlango. Mtu mmoja akamwambia, mzee, ungetuambia kodi tungechanga kodi, wewe ulituambia taa. Hakuwa na jibu. Akaahidi kurudisha. Mpaka sasa amerudisha 2,800, nilipokea mimi na nikatuma risiti kwa grupu, na fundi ameleta taa moja bila betri ya maana, inawaka dakika arobaini. Imebaki 2,300.

Kwa hivyo ukiniuliza niende ama nisiende, nitakwambia nenda, haswa kama unafanya pepa ya pili na ile sehemu ya serikali inakusumbua. Mwalimu wa namna hii sijaona kwingine na nimejaribu tuisheni mbili kabla ya hii. Lakini mchango wowote wa pembeni usilipe mpaka uambiwe mbele ya darasa ni wa nini na nani atajibu, na uandikwe. Beba tochi yako, beba kitu cha kukalia, na fotokopi za noti omba za mtu anayekaa mbele, zake husomeka. Siku ya kujaribu bila malipo ni Ijumaa lakini mimi ningekwambia uje Jumatano.

Tangu siku ile Jumatano nusu saa ya mwisho imekuwa ya maswali, mwenye darasa akiwa mjini anapanda ngazi anasimama, asipokuwepo mwalimu anajibu kwa niaba yake na inaandikwa kwa daftari. Daftari niko nalo mimi. Jumatano hii ni zamu ya ile 2,300, na mama wa Dunga amesema swali la kwanza ni lake.